Mwongozo Kamili: Kufuatilia Upelelezi na Kutoaminiana katika Hamlet

Hamlet, tanzia ya Shakespeare iliyoandikwa karibu na mwaka 1600, inaanza kwa swali gizani: "Nani hapo?" Anayeuliza ni Bernardo, askari anayekuja kupokea zamu katika ngome ya Elsinore. Wasomaji wengi hupita hapo haraka, lakini ebu tusimame kidogo. Kwa desturi ya lindo, anayeuliza ni mlinzi aliye zamuni, na anayekuja ndiye hujibu. Hapa mambo yamepinduka. Francisco, ambaye ndiye mwenye zamu, analiona kosa hilo papo hapo na kumkatiza mwenzake: la, wewe ndiye unijibu mimi, simama ujitambulishe. Mzuka bado hatujauona, habari ya mauaji hatujaisikia, na tayari askari wawili wa jeshi moja wanaogopana.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi anayeandika insha, mwalimu anayeandaa kipindi, au kikundi cha maigizo kinachotaka kuielewa tamthilia hii kabla ya kuipandisha jukwaani. Kwa asiyekijua kisa: Hamlet ni mwana wa mfalme wa Denmark aliyeuawa; muuaji ni ami yake Claudius, aliyetwaa taji na kumwoa Gertrude, mama yake Hamlet, na mzuka wa marehemu ndio unaomfichulia Hamlet siri hiyo. Niseme mapema msimamo wangu, maana hatua zote zinaelekea huko: katika Elsinore upelelezi hauleti ukweli. Huleta kipande cha ukweli, au ukweli uliopinda, na bei yake hulipwa na mtu ambaye hata hakushiriki kupanga. Ukiusoma mchezo kwa utaratibu utaona kwamba Shakespeare amelijenga jambo hili kisa kwa kisa.

Hatua ya kwanza: jua unasoma toleo gani

Hamlet ilichapishwa kwa sura tatu zinazotofautiana: toleo fupi la 1603, toleo refu la 1604 hadi 1605, na lile lililomo katika mkusanyo mkubwa wa 1623. Vitabu vingi vya siku hizi huchanganya matoleo mawili ya mwisho. Kwa mada yetu, tofauti hizi zina uzito. Maneno ya Hamlet kwamba Denmark ni gereza yamo katika toleo la 1623 tu. Kauli yake kwamba atawaamini wale wanafunzi wenzake wawili, Rosencrantz na Guildenstern, kama anavyowaamini nyoka wenye meno ya sumu haimo katika toleo hilo, imo katika lile la 1604. Na katika toleo la 1603, mzee mshauri wa mfalme tunayemjua kwa jina la Polonius anaitwa Corambis, na Gertrude anatamka wazi kwamba hakujua lolote kuhusu mauaji ya mumewe.

Kwa hiyo angalia dibaji ya kitabu chako, andika ni toleo gani, kisha nukuu kwa kitendo na onyesho. Namba ya ukurasa haimsaidii mtu mwenye kitabu tofauti na chako.

Hatua ya pili: soma mara ya pili ukiwa na daftari

Usomaji wa kwanza uwe wa kufurahia hadithi tu. Wa pili ndio wa kazi. Chora safu tano katika daftari. Ya kwanza, nani anapeleleza. Ya pili, nani amemtuma. Ya tatu, anajificha kwa njia gani, iwe ni pazia, urafiki, kitabu, barua au wazimu wa kujifanya. Ya nne, anaona au kusikia nini hasa. Ya tano, anaamini nini baada ya hapo.

Safu ya nne na ya tano ndizo zenye mali. Wanafunzi wengi huziunganisha, wakaishia kusimulia hadithi upya. Ukizitenganisha, pengo kati ya kilichoonekana na kilichoaminiwa linajitokeza lenyewe, na humo ndimo insha yako itakamoishi.

Hatua ya tatu: anza na Reynaldo

Kitendo cha pili, onyesho la kwanza, hukatwa mara nyingi watu wanapoigiza, kwa sababu hakisukumi hadithi mbele. Kwa mada hii ndicho cha kuanza nacho. Polonius anamtuma mtumishi wake Reynaldo kwenda Paris kumpelekea mwanawe Laertes fedha na barua. Ila kabla ya kumwona kijana, Reynaldo aulize kwanza ni Wadenmark gani wanaishi huko, wanakaa wapi, wanatumia kiasi gani, wanaandamana na nani. Kisha ajifanye anamjua Laertes kwa mbali, na amzushie: kwamba ni mcheza kamari, mlevi, mgomvi, mtu wa kwenda kwa malaya. Msikilizaji akikubali na kuongeza ya kwake, basi ukweli umenasa. Polonius mwenyewe anaueleza mpango huu kama uvuvi, ambapo uongo ndio chambo na ukweli ndio samaki.

Reynaldo anashtuka na kusema kwamba hilo litamvunjia heshima kijana. Sikiliza jibu la baba: halitamvunjia, mradi ulikolezee kwa ustadi. Halafu, katikati ya kueleza mbinu yake, mzee anasahau alichokuwa akisema. Anamuuliza mtumishi amefika wapi, na mtumishi anamkumbusha maneno yake ya mwisho.

Sasa jaza daftari. Nani anapeleleza? Mtumishi. Nani katuma? Baba mzazi. Kwa njia gani? Kwa kumchafulia mtoto jina. Anaona nini? Hakuna, kwa sababu Reynaldo harudi tena jukwaani hadi mwisho wa mchezo. Hakuna taarifa, hakuna jibu. Kilichobaki ni baba aliyemtuma mtu ili mwanawe asingiziwe katika mji wa ugeni. Safu ya nne ikibaki tupu, iandike hivyo hivyo, tupu. Ni ushahidi.

Hatua ya nne: linganisha swali la siri na swali la ana kwa ana

Rosencrantz na Guildenstern ni marafiki wa Hamlet tangu utotoni. Claudius na Gertrude wamewaita ili wakae naye, wamchokonoe, wajue kinachomsumbua. Katika kitendo cha pili, onyesho la pili, Hamlet anawauliza bila kuzunguka: mmekuja kwa hiari yenu, au mmeitwa? Wanababaika. Wananong'onezana. Anawasihi kwa haki ya urafiki wao wa ujana wamjibu sawasawa. Mwishowe Guildenstern anakiri kwamba waliitwa.

Tazama ilivyochukua muda mfupi. Hakuna pazia wala chambo, ni swali moja lililorudiwa kwa msisitizo, na ukweli umetoka. Hili ni mojawapo ya maonyesho machache ambapo mtu anapata jibu la kweli moja kwa moja kutoka kwa anayemhusu, na lipo katikati kabisa ya msururu wa mitego.

Kisha fungua kitendo cha tatu, onyesho la kwanza, wanapotoa taarifa kwa mfalme. Wanasema Hamlet amekiri kuwa akili yake imevurugika ila hasemi sababu. Hawasemi kwamba Hamlet amewagundua. Wanaficha kushindwa kwao, na Claudius anaendelea kuwatumia wapelelezi ambao siri yao imekwisha kufichuka. Kutoaminiana hakukai kati ya maadui peke yao. Aliyetumwa naye humficha aliyemtuma.

Hatua ya tano: mtazame Ophelia kwa makini kuliko wote

Onyesho lile lile la kwanza la kitendo cha tatu linastahili kusomwa polepole, hata mara tatu. Polonius anampanga binti yake Ophelia, ambaye Hamlet amekuwa akimwonyesha mapenzi, mahali ambapo Hamlet atapita. Anamkabidhi kitabu cha ibada, ili upweke wake uonekane wa kawaida. Kisha yeye na mfalme wanajiandaa kujificha. Polonius anatamka mwenyewe kwamba kwa sura ya uchaji watu huweza kumpaka sukari hata shetani, na maneno hayo yanamchoma Claudius. Kwa sauti ya chini, mfalme anakiri kwetu kwamba ana mzigo mzito. Wa kwanza kukiri kitu katika mtego huu ni mtegaji mwenyewe, na aliyesimama kando yake, mpelelezi hodari wa ikulu, hasikii.

Hamlet anapomuuliza Ophelia baba yake yuko wapi, anajibu, "Yuko nyumbani, bwana wangu." Ni uongo mfupi wa binti aliyewekwa mahali ambapo ukweli ungemsaliti baba yake na mfalme wake kwa pamoja. Ukimhukumu kwa uongo huo, mhukumu pia aliyempa kitabu.

Sasa jaza safu ya tano, na hapa utahitaji mistari mitatu. Claudius anaondoka akiamini kwamba haya si mapenzi, na kwamba Hamlet ni hatari ya kupelekwa Uingereza. Polonius ameona na kusikia yale yale, naye anashikilia bado kwamba chanzo ni mapenzi yaliyokataliwa. Ophelia anaamini kwamba akili adhimu imeporomoka. Tukio moja, mashahidi watatu, hukumu tatu. Na yule aliyezungumza na Hamlet uso kwa uso haulizwi. Baba yake anamwambia hana haja ya kueleza, kwani wamesikia yote. Sidhani kuna mstari katika mchezo huu unaoeleza ukatili wa upelelezi vizuri kuliko huo.

Hatua ya sita: usimwache Hamlet nje ya daftari

Ni rahisi kuandika insha ambamo Claudius na Polonius ndio wapelelezi na Hamlet ni windo lao. Matini haikubali. Hamlet anajifanya mwendawazimu ili achunguze bila kuchunguzwa. Anautilia shaka hata mzuka wa baba yake, kwa kuwa huenda ni shetani aliyekuja kumpotosha. Shaka hiyo ni ya busara, na insha nzuri itaitenganisha na ile ya Polonius, ambaye hana kosa lolote la Laertes mkononi na bado anamtumia mtu wa kumchunguza. Hamlet ameambiwa jambo zito asiloweza kulithibitisha, kwa hiyo anatafuta ushahidi.

Ila ushahidi wenyewe anautafuta kwa mtego. Anawaagiza waigizaji waonyeshe mauaji yanayofanana na ya baba yake, anaongeza mistari yake mwenyewe, na anamwomba rafiki yake Horatio amkodolee mfalme macho. Claudius anainuka, anataka taa, shughuli inavunjika. Hamlet anashangilia kwamba amethibitisha.

Rudi kwenye safu ya nne. Muuaji katika mchezo wa ndani anaitwa Lucianus, na Hamlet mwenyewe anawatangazia watazamaji kuwa ni mtoto wa kaka wa mfalme. Hamlet ni nani kwa Claudius? Mtoto wa kaka. Watu wa ikulu wasiojua habari za mzuka wameona kijana akimuua ami yake aliye mfalme, mbele ya mfalme ambaye ni ami wa Hamlet. Kwao hicho ni kitisho cha wazi, na mfalme yeyote angeweza kuondoka kwa hasira. Horatio naye, alipoulizwa, anajibu tu kwamba alimwona vizuri. Hasemi amethibitisha hatia. Claudius ana hatia kweli, sisi tunajua, lakini tunajua kwa sababu alikiri kwetu. Mtego wa Hamlet umepata jibu sahihi kwa njia yenye ufa.

Onyesho linalofuata linamalizia hoja. Hamlet anamkuta Claudius amepiga magoti. Anamwona, haonwi, nafasi ambayo kila mpelelezi huitamani. Anadhani mfalme anatubu, na kumuua sasa ni kumpeleka mbinguni, basi anaahirisha. Akiisha kuondoka, Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yamepaa ila mawazo yamebaki chini. Sala haikuwa sala. Macho ya Hamlet yalikuwa sahihi, hukumu yake ikawa kinyume, na kosa hilo linaacha njia wazi kwa vifo vyote vinavyofuata, kuanzia cha Polonius, anayechomwa upanga nyuma ya pazia katika chumba cha Gertrude na mtu aliyedhani anamchoma mfalme.

Vingine unaweza kuvipitia upesi: Hamlet na Horatio wanaojificha makaburini kutazama mazishi, na barua aliyoifungua melini usiku, akaiandika upya na kuipiga muhuri wa baba yake. Barua hiyo iliwaua Rosencrantz na Guildenstern. Ukiigusa, kumbuka kwamba matini haisemi popote kwamba walijua kilichoandikwa katika ile ya kwanza.

Hatua ya saba: fuata masikio

Lugha ya mchezo inaibeba mada hii kwa viungo vya mwili, hasa sikio. Mfalme aliyekufa alimiminiwa sumu sikioni akiwa usingizini. Mzuka unasema sikio zima la Denmark limedanganywa kwa habari ya uongo ya kifo chake. Polonius anafia kazi ya sikio. Laertes akirudi kutoka Ufaransa, Claudius analalamika kwamba wapo wanaomjaza masikio kwa maneno yenye sumu. Sumu halisi na sumu ya maneno zinapita mlango mmoja.

Ongeza filimbi ya kitendo cha tatu. Hamlet anamwomba Guildenstern aipige, naye anakiri hajui. Hamlet anamgeukia: kijiti hiki kidogo huwezi kukipiga, na mimi unadhani utanipiga mpaka unitoe siri yangu? Ukiwa na nafasi ya dondoo moja tu kuhusu marafiki hawa, chukua hiyo.

Hatua ya nane: historia kwa kiasi

Watazamaji wa kwanza wa London waliyajua maisha haya. Francis Walsingham, aliyekuwa waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza kuanzia 1573 hadi kifo chake mwaka 1590, alijenga mtandao wa majasusi uliofika mbali nje ya Uingereza. Mwaka 1586 watu wake walizinasa barua za Mary, malkia wa zamani wa Scotland, zilizokuwa zikipitishwa ndani ya mapipa ya bia, wakazisoma zote, naye akakatwa kichwa Februari 1587. Na Februari 1601, wafuasi wa Essex, mkuu aliyemwasi Elizabeth, walilipa kundi la Shakespeare kuonyesha mchezo wa mfalme anayevuliwa taji, siku moja kabla ya uasi wao. Uasi uliposhindwa, mwigizaji mmoja wa kundi hilo alihojiwa na wakuu. Wazo kwamba mchezo wa jukwaani unaweza kumgusa mtawala halikuwa ndoto ya Hamlet peke yake.

Aya moja ya haya inatosha. Na usiandike kama jambo lililothibitishwa kwamba Polonius ni picha ya waziri fulani. Huo ni uvumi wa kitaaluma, na hautakusaidia kueleza kwa nini anampa binti yake kitabu.

Hatua ya tisa: lijaribuni kwa miguu

Hata kama hamna jukwaa, someni onyesho la Ophelia kwa sauti, watu wanne, shuka limetundikwa badala ya pazia. Lisomeni mara mbili. Mara ya kwanza, Hamlet ajue tangu mwanzo kwamba kuna watu nyuma ya shuka. Mara ya pili, asijue mpaka swali la baba yako yuko wapi. Matoleo ya kale hayana elekezo la jukwaani linalosema amewaona, kwa hiyo uamuzi ni wenu. Akijua mapema, ukali wake kwa Ophelia ni maigizo yanayolengwa pazia, na msichana anaumizwa kwa ajili ya hadhira asiyoweza kuikana. Akigundua katikati, ni hasira ya mtu aliyesalitiwa na wa mwisho aliyemtegemea. Mkishasikia tofauti hiyo kwa masikio yenu, mtaandika vingine kabisa.

Hatua ya kumi: andika

Hoja dhaifu husema, "Kuna upelelezi mwingi katika Hamlet." Hakuna atakayebisha, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha. Hoja yenye nguvu huonyesha uhusiano, kwa mfano kwamba kila anayechungulia huona alichokwisha kukiamini, na kwamba aliyekuwa na jibu hakuulizwa. Kwa insha ya kurasa tatu chagua visa vitatu, si tisa. Hii hapa aya ya mfano, uone jinsi daftari linavyogeuka kuwa hoja:

"Katika kitendo cha nne, onyesho la tano, Ophelia akiwa amerukwa na akili, Claudius anaamuru afuatwe kwa karibu na alindwe vizuri. Ni agizo la mwisho la upelelezi kumhusu, na pekee lenye sura ya huruma. Maonyesho mawili baadaye Gertrude analeta habari kwamba amezama, na anajua kila kitu: tawi lililokatika, nguo zilizotanda juu ya maji, nyimbo alizoimba mpaka nguo zilipolowa na kumvuta chini. Yupo aliyeyaona haya yote. Matini haimtaji, wala haisemi kwamba kuna aliyenyosha mkono. Binti aliyetazamwa maisha yake yote anakufa akitazamwa."

Kwa hitimisho, nashauri uende Norwei. Wakati ikulu ya Elsinore inawachunguza watoto wake kwa kila hila, Fortinbras, kijana aliyekwisha kutishia kuitwaa ardhi ya Denmark, anaombewa kwa barua na ami yake, mfalme wa Norwei, ruhusa ya kupitisha jeshi lake kwenda Polandi. Claudius anaipokea katika onyesho lile lile ambamo Rosencrantz na Guildenstern wanaajiriwa, na anasema ataisoma vizuri akipata nafasi. Katika kitendo cha nne jeshi hilo linapita. Katika cha tano Fortinbras anaingia ukumbini penye maiti za jamaa nzima ya kifalme. Kikulacho ki nguoni mwako, Claudius aliamini, akapekua nguo zote na kuacha lango wazi. Lakini kuwa mwangalifu na kauli yako hapa. Fortinbras hakuiteka Elsinore kwa vita. Anadai haki za kale, na Hamlet mwenyewe, akikata roho, anampa kura yake ya ufalme, na Horatio ndiye anayeahidi kuifikisha kura hiyo.